Kadi Iliyobaki Kwenye Sindano

Yale matundu niliyatoboa mimi. Nasema mapema, maana wenzangu wa chuo waliobaki hai wanapenda kusema ilikuwa kamati, mara ilikuwa amri kutoka juu. Amri gani? Ulikuwa mkono wangu huu huu, na panchi ya ofisi iliyokuwa inakwama kila ukitoboa mara tatu, na mimi nikiitukana kwa Kinyaturu ili Mkuu wa chuo asielewe.

Nilikuwa karani wa chuo cha ualimu, hapa hapa mkoani Singida, miaka ile ambayo kila mkutano ulianza na habari za Ujamaa ukaishia na habari za kujitegemea. Chuo kilikuwa na jumba la starehe. Ukilisikia jina utadhani ni jambo kubwa. Lilikuwa bwalo la zamani lenye bati lililopiga kelele kila upepo ulipovuma, na ndani mna meza moja ya tenisi, mabao matatu, redio ya betri, kabati la vitabu na ngoma mbili. Siku za masomo wanachuo walilitumia wenyewe. Ila kwenye likizo ndefu, baada ya mavuno, lilifunguliwa kwa wanakijiji wote: asubuhi kisomo cha watu wazima, mchana redio, jioni michezo na ngoma. Kwa kazi hiyo chuo kiliajiri wanachuo wanane. Walibaki chuoni, wakapewa kitanda, chakula na posho kidogo, na kila mmoja akapewa barua yenye muhuri ya kupeleka kwao, inayosema kwamba fulani anahitajika kwa kazi ya kujenga taifa. Msiisahau hiyo barua.

Zamani mlezi wa jumba aliwachagua mwenyewe. Alikuwa mtu mcheshi, mwenye roho nzuri na ndugu wengi kupita kiasi. Mwaka mmoja, kati ya wale wanane, watano walikuwa wakimwita mjomba. Wanachuo wakasusia chakula siku nzima, wakakaa nje ya bwalo wakiimba nyimbo za kumkejeli. Mkuu wa chuo akaniita ofisini kwake. Alikuwa mtu wa mbali, wa huko Ziwa, mwenye haraka na asiyependa maneno marefu.

"Ndugu Karani," akasema, "wewe ulikwenda kozi Dar es Salaam. Nitengenezee utaratibu ambao hauna mjomba."

Basi kichwa kikanivimba. Ni kweli nilikwenda kozi, majuma sita, ya kutunza majalada. Huko mwalimu mmoja alituonyesha kadi zenye matundu pembeni, akatuambia kwamba kwa kadi hizo na kijiti kimoja mtu anaweza kumpata anayemtaka kati ya watu mia bila kufungua jalada hata moja. Wenzangu walipiga miayo. Mimi niliomba niguse. Nilirudi Singida nikiwa na hamu ya kuzitengeneza, nikakaa nayo mwaka mzima, sina wa kunituma.

Nieleze kidogo, ni kitu rahisi. Kila mwanachuo anayeomba kazi ana kadi moja ya manila. Pembeni mwa kadi mna safu ya matundu, na kila tundu ni swali moja. Amewahi kuajiriwa jumbani? Ana adhabu? Anaweza kufundisha kisomo? Jibu likiwa la kumfaa, unachukua wembe unalikata lile tundu mpaka ukingoni, liwe wazi. Likiwa la kumkosesha, unaliacha zima. Kisha unazipanga kadi zote pamoja, unapitisha sindano ya kufumia kwenye tundu la swali unalotaka, unainua. Zenye tundu lililokatwa zinaanguka mezani. Zenye tundu zima zinabaki zimening'inia. Zilizoanguka unazipanga upya, unaingia tundu linalofuata, unainua tena. Anayeanguka kila mara ndiye amepata kazi. Anayebaki kwenye sindano amekosa.

Sindano ilikuwa yangu. Nilikuwa namfumia mwanangu wa kwanza sweta, na sweta hilo mwaka ule lilibaki na mkono mmoja.

Tarishi wetu, mzee wa Kinyangiri aliyejua habari za kila mtu kabla ya mwenyewe kuzijua, alikuja kunitazama nikikata. "Ama kweli," akasema, "Mnyaturu amechoka kupiga ramli kwa kokoto, sasa anapiga kwa sindano."

"Na nyie Wanyiramba utaratibu wenu upi? Kulala kwenye benchi mpaka kazi iwafuate?"

"Inatufuata, si unaona nimekaa hapa?"

Tulicheka sana siku zile.

Nilipojaribu kadi mara ya kwanza, kwa majibu ya kubuni, walianguka watu zaidi ya ishirini. Wengi mno. Kamati ikakaa kutafuta swali moja zaidi, la kupima shida: nani kwao wana uwezo, nani hawana. Mshahara wa baba? Nani ana baba mwenye mshahara? Shamba? Wakati ule vijiji vilikuwa vinahamahama na mashamba yanagawanywa upya, hakuna aliyejua ekari zake. Mkuu akagonga meza kwa kalamu. "Hapa kwenu utajiri ni nini?"

"Ng'ombe," akasema mlezi wa jumba, aliyekuwa amenuna tangu asubuhi.

"Basi tuulize ng'ombe. Wakizidi kumi nyumbani, huyo likizo aende kwao akajitegemee. Ndugu Karani, wewe ndiye mwenyeji. Ni sawa?"

Wote wakanigeukia. Mezani pale Mnyaturu nilikuwa peke yangu. Nikasema, "Ni sawa." Nilikuwa tayari naona pa kulitoboa tundu la tano.

Nikaongeza na vikwazo vyangu mwenyewe, hakuna aliyenituma. Kwanza, majibu ya fomu yabandikwe ubaoni, kila mtu asome ya mwenzake, ili mwongo aumbuke. Pili, yakishabandikwa, asiyabadilishe mtu, awe mlezi, awe karani, awe Mkuu. Nilisimama mbele ya wanachuo wote nikatamka hivyo kwa sauti ya mkutanoni, na wakanipigia makofi. Usiku ule nililala vizuri sana.

Fomu zikaja, sitini na kitu. Nikazinakili, nikabandika, nikakata kadi. Mkono unakwenda, macho yanakwenda, akili imekwenda kunywa chai.

Siku chache baadaye, alasiri, msichana wa mwaka wa kwanza akagonga mlango wangu, na mlango wenyewe ulikuwa wazi. Alitoka upande wa Ilongero kama mimi, kijiji cha pili tu kutoka kwetu. Nilimfahamu kwa kicheko chake, maana alikuwa na kicheko cha kusikika kutoka jikoni mpaka uwanjani. Siku ile hakuja nacho.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Mbona umesimama kama umeitwa na polisi? Kaa."

Hakukaa. Akasukuma mlango ukajifunga, akaanza kusema kwa Kinyaturu, sauti ya chini. Baba yake alikuwa amemletea salamu kwa dereva wa lori. Kuna mzee mmoja pale kijijini kwao anamtaka awe mke wake wa tatu. Mavuno yamekwisha, na mzee anataka mambo yaishe likizo hii hii. Baba yake hataki. Mama yake analia kila siku. Ila baba hana namna ya kumkatalia yule mzee usoni.

"Kwa nini hana namna?"

Akatazama sakafu. "Hana tu, dada."

Salamu zenyewe zilikuwa hivi: tafuta barua ya serikali, yenye muhuri, iseme unahitajika huko likizo. Nitampelekea mzee aione. Nitamwambia mimi sikukukatalia, serikali ndiyo imenikatalia. Mzee mwenyewe ana pupa, akikosa likizo hii atakwenda kuposa kwingine. Hivyo ndivyo baba mtu alivyopiga hesabu zake, na mimi nikaona zimekaa sawa.

"Na usipoipata hiyo barua?"

"Nikienda nyumbani likizo hii, dada, sirudi."

Jamani, nilimwambia nini mtoto wa watu! Nilimpigapiga begani. Nikamwambia Kiswahili chake ni safi, hana adhabu, hajawahi kuajiriwa, kadi yake itaanguka yenyewe. "Nenda kasome," nikasema. "Sindano haina mjomba." Akatabasamu kidogo, akaniaga, akatoka.

Alipotoka tu nikavuta sanduku la kadi, nijifurahishe kuiona ilivyo. Tundu la kwanza limekatwa. La pili, la tatu, la nne, yamekatwa. La tano zima.

Nikatafuta fomu yake. Ng'ombe waliopo nyumbani: thelathini na nne. Mwandiko wake mwenyewe, mzuri, wa mwalimu mtarajiwa.

Hasira zikanipanda kwanza, sitaficha. Ebo! Mtoto wa zizi la ng'ombe thelathini na nne anakuja kunililia kazi ya kufagia ukumbi? Na baba mwenye ng'ombe wote hao anaogopa mzee gani? Nikawa nazifunua kadi kwa kishindo, kama zimenikosea, mpaka nikafika kwenye kadi ya kijana mmoja wa kijiji kile kile. Huyo alikuwa na saa mkononi, viatu vya ngozi na baiskeli yenye taa ya dinamo. Ng'ombe waliopo nyumbani: hakuna. Tundu la tano nilikuwa nimelikata vizuri, bila kuwaza.

Nikakaa kitini. Baba wa yule kijana nilimjua, upande wetu nani asimjue? Mzee wa koti lenye viraka, ambaye kwake huoni hata kinyesi cha ng'ombe. Lakini akipita vijijini, wanaume wanasimama, na wanawake wanakimbilia ndani kumtolea kigoda kizuri.

Hapo ndipo akili iliporudi kutoka kunywa chai.

Kwetu, mtu mwenye ng'ombe wengi hawaweki kwake. Huyu anampa watano wa kumchungia, yule ishirini, mwingine wawili, kwa kuogopa ugonjwa, ukame, macho ya watu na daftari la serikali. Anayewapokea anawachunga kama wake. Maziwa anakunywa, samadi anatia kwenye shamba la uwele, na Mungu akimjalia, baada ya miaka anapewa mtamba mmoja. Anachodaiwa ni kufunga mdomo. Mtu akiuliza ng'ombe ni wa nani, ni wetu. Watoto wanafundishwa jibu hilo kabla ya kufundishwa kuhesabu.

Nami nilifundishwa. Baba yangu alichunga ng'ombe wa watu. Nilipokuwa na miaka saba hivi alikuja bwana wa kuchanja mifugo, akamsifia ndama mmoja mwekundu, nami nikataka kujionyesha. Nikamwambia, "Huyo si wetu," nikamtaja na mwenyewe. Baba alisikia, hakunipiga. Siku ya nne walikuja vijana wawili na fimbo, wakawatoa ng'ombe zizini mmoja mmoja, na mama amesimama na kibuyu cha kukamulia mkononi, hajakamua bado. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa ndiyo kwanza ameachishwa ziwa. Mwaka ule tulikula ugali na mlenda mtupu, na miguu ya yule mtoto ilibaki myembamba mpaka utu uzima wake. Hakuna aliyenilaumu. Nilitamani mtu anilaumu.

Na mimi huyo huyo ndiye niliyekaa kwenye kamati nikasema ni sawa! Yule binti aliulizwa ng'ombe waliopo nyumbani, akajibu kweli. Yule kijana naye akajibu kweli. Swali ndilo lilikuwa bovu, na mwenye swali ni mimi.

Kesho yake nikamwita binti. Nikafunga mlango mwenyewe. "Wale ng'ombe ni wa yule mzee anayekutaka, siyo?"

Machozi yakamjibia.

"Kwa nini hukuandika wawili tu? Nani angekwenda kuhesabu?"

"Mwanawe yuko hapa, dada. Analijua zizi letu. Angesoma ubaoni kwamba kwetu kuna ng'ombe wawili, angeandika kwao. Mzee angesema baba ameanza kuwaficha, anataka kuwala."

Ubao. Ule ubao wangu.

"Basi niruhusu nimwambie Mkuu. Peke yake, mlango umefungwa."

Akanishika mkono, na huyo hakuwa mtoto wa kushika watu wazima mikono. "Usiseme, dada. Nina wadogo watano. Watakunywa nini?"

Mkuu alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa mtu wa chama kwelikweli, na mikutanoni kila juma walikuwa wanawasema wenye mali wanaojificha nyuma ya maskini. Ningemwambia asubuhi, angeandika mchana. Mzee angeitwa, na kabla hajatoka mkutanoni zizi la baba wa binti lingekuwa tupu. Nilikwisha kuona zizi linavyotolewa ng'ombe.

Nilichoweza ni kuchapa barua. Nikaipiga taipu vizuri, kwamba mwanachuo huyu anahitajika chuoni likizo yote, nikaipeleka kwa Mkuu, maana muhuri alikuwa anaufungia kwenye droo yake.

Akaisoma. "Anahitajika kwa kazi gani?"

"Kunisaidia ofisini, Mzee."

"Kitanda kipi? Chakula cha nani? Bweni linafungwa, wanabaki wale wanane tu." Akaiweka chini. "Kuna nini, Ndugu Karani?"

Nikamwambia nusu. Kwamba wanataka kumwozesha, na yeye hataki, na hata baba yake hataki. Alinisikiliza, nampa haki yake. Akainuka mwenyewe, akaenda ubaoni, akarudi.

"Baba yake ana ng'ombe thelathini na nne," akasema. "Mtu mwenye ng'ombe thelathini na nne hataki, si aseme hataki? Nani wa kumlazimisha?"

Nikaivuta barua upande wangu.

"Nipe sababu," akasema, na kwa kweli alikuwa anaitaka. "Nipe sababu moja ya kumbagua huyu kati ya hawa sitini, nami nitapiga muhuri. Wewe ndiye uliyesema mtu asitie mkono."

"Sina, Mzee."

"Basi?"

"Basi, Mzee."

Nikatoka na barua yangu. Nilikuwa na hasira na Mkuu, na mzee wa viraka, na baba wa binti, na binti mwenyewe kwa kunifunga mdomo. Nikafika ofisini nikamfokea tarishi kwa kuacha kikombe mezani, na kikombe chenyewe kilikuwa changu.

Mchana huo huo nilichukua wembe. Nikaiweka kadi yake mbele yangu, ncha ya wembe ukingoni mwa tundu la tano. Mkato mmoja tu, mfupi kuliko kucha. Nikawaza: siku ya siku nitainua sindano mbele ya chuo kizima, na kadi ya ng'ombe thelathini na nne itaanguka, na kila mtu ameshasoma ubao. Watauliza. Mlezi wa jumba ndiye atakayekuwa wa kwanza kuuliza. Na nikiulizwa nitajibu nini ambacho hakitafika kule zizini?

"Unakata nini tena?" Tarishi alikuwa amesimama mlangoni. "Si ulisema zimekwisha?"

"Zimekwisha," nikasema, nikauweka wembe chini.

Siku ya sindano jumba lilijaa. Alikuja pia bwana mmoja kutoka wizarani, ameletwa na Mkuu aone kazi ya wananchi wanaofikiri wenyewe. Tarishi alivaa shati lake la kanisani, akashika sinia. Tundu la kwanza, nikainua, kadi zikaanguka, watu wakashangilia kama goli limefungwa. La pili. La tatu. La nne. Binti alikuwa amekaa safu ya pili, mikono mapajani. Hakuwa ananitazama usoni, alikuwa anaitazama sindano. Na nilikuwa nimekwisha kumwambia! Nilimwambia itabaki. Lakini mtu akiwa na haja kubwa anatazama tu, pengine kitu kitateleza.

Nikaingiza sindano tundu la tano. Nikainua. Nikaitikisa, jamani, mara mbili, mara tatu, kuliko nilivyotikisa kwenye matundu mengine, mpaka bwana wa wizarani akacheka. Zilianguka nane kamili. Yake ilibaki juu pamoja na za wengine, inacheza kidogo kwa upepo wa dirishani.

Watu wakapiga makofi. Naye akapiga. Mkuu akasema hivi ndivyo haki inavyoonekana. Bwana wa wizarani akaomba achukue kadi mbili za mfano akawaonyeshe vyuo vingine, nikampa, akanishika mkono mbele ya wote.

Asubuhi ya kufunga chuo alikuja kuniaga. Lori la kwenda kwao lilikuwa limesimama nje linanguruma, sanduku lake la bati limekwisha kupakiwa.

"Ahsante, dada. Ulijitahidi."

Ningefurahi kama angenitukana. "Utarudi," nikamwambia. Maneno ya kipuuzi kabisa.

"Kadi yangu mtaitupa?"

"Hapana. Utaratibu ni kutunza miaka mitatu."

"Haya," akasema. Akapanda, akakaa juu ya gunia, akajifunika khanga kichwani kwa ajili ya vumbi.

Likizo ikaanza. Jumba lilikwenda vizuri kuliko mwaka wowote, nani angebisha? Kina mama walijifunza kuandika majina yao, redio haikuibiwa betri. Yule kijana wa baiskeli alikuwa mfanyakazi hodari, tena mwenye adabu. Nilitafuta sababu ya kumchukia, sikuipata. Alikuwa anafundisha wazee kushika kalamu, anawashika vidole kimoja kimoja bila kuchoka.

Juma la tatu akaja ofisini.

"Shikamoo dada. Naomba ruhusa ya siku mbili."

"Marahaba. Kuna nini?"

Akacheka kwa haya, anazungusha kofia mkononi. "Baba anaoa tena."

"Anaoa nani?"

"Sijui, dada. Hawajaniambia. Ni wa pale pale kijijini."

Fomu ya ruhusa nilikuwa nimeitengeneza mimi. Sababu ya safari, siku ya kutoka, siku ya kurudi, sahihi ya karani. Niliijaza. Nilikuwa na haki gani ya kumkatalia mtoto harusi ya baba yake? Na ningemkatalia, harusi isingefungwa? Mkuu akapiga muhuri bila kusoma, ule ule muhuri, na kijana akapanda baiskeli yake akaenda.

Alirudi siku aliyotakiwa kurudi, mchana. Hakuja na kofia mkononi wala kicheko. Akasimama mbele ya meza yangu, na mimi nikajifanya natafuta karatasi.

"Dada, wewe ulikuwa unajua?"

Nikavuta droo, nikaifunga.

"Tulikaa darasa moja," akasema. "Alikuwa ananiazima rula. Nimefika nimemkuta amekaa ndani kwa mama mkubwa, amepakwa mafuta, ameinamisha kichwa. Baba akasema, msalimie mama yako. Ningefanyaje, dada? Watu wamejaa. Nikamwamkia shikamoo."

"Akaitika?"

"Aliitika. Akasema, marahaba mwanangu."

Akaniwekea fomu ya ruhusa mezani, imekunjwa mara nne. Akauliza kama bado anatakiwa jumbani jioni ile, nikamwambia ndiyo, wazee wa kisomo wanamngoja. Alipotoka niliikunjua, nikainyoosha kwa kiganja. Chini kabisa palibaki pa kujaza mimi: amerudi kwa wakati? Nikachukua kalamu nikaandika ndiyo.